Pumzi Ikikatika Usiku: Uende kwa Daktari Gani?

(Nakala ya kipindi cha afya kwa wanaosoma. Makazi ya Nakivale, wilaya ya Isingiro, Uganda.)

(Muziki wa kufungulia. Unashuka taratibu.)

  

Swali la leo limeingia kwenye sanduku letu mara tatu, kwa mwandiko wa watu watatu. Mama mmoja wa Juru anasema mumewe anakoroma mpaka majirani wanagonga ukuta, kisha ghafula kimya, kisha anashtuka akivuta hewa kama mtu aliyetolewa ziwani. Baba mmoja wa Rubondo anauliza juu ya mtoto wake wa miaka mitano. Wa tatu hakuandika anakokaa. Ameuliza tu: huu ugonjwa ni wa daktari gani?

Jibu nakupa sasa hivi, usingoje mwisho wa kipindi. Hakuna daktari mmoja. Wapo kadhaa wanaoutibu, na yupi anakufaa inategemea pumzi yako inazibwa na nini. Lakini wewe hutaanza kwa hao. Utaanza hapa hapa kituo cha afya, na kama utatoka na karatasi ya rufaa au na panadoli, inategemea sana maneno utakayosema ukifika mbele ya meza. Hayo maneno ndiyo nataka uondoke nayo leo.

Kabla sijaendelea: kwetu Kivu tunasema munganga tukimaanisha daktari wa hospitali. Jirani yako Mtanzania akisikia mganga anafikiria mitishamba. Kwa hiyo leo nitasema daktari, tusichanganyane. Mimi mwenyewe si daktari, nimemaliza sekondari tu. Maandishi haya yamesomwa kwanza na afisa tabibu, akanifuta mistari miwili.

(Sauti ya mtu anayekoroma. Kimya. Anashtuka.)

Umesikia hicho kimya? Hapo katikati ndipo ugonjwa ulipo.

Koo lako halina mfupa unaolishikilia wazi. Ni nyama laini, na mchana misuli yake inakaza ili njia ya hewa isifunge. Ukilala, misuli inalegea kama mwili wote. Kwa watu wengi njia inabaki wazi. Kwa wengine inabanwa, hewa inapita kwa shida, nyama zinatikisika, ndiyo kukoroma. Kwa wengine tena inaziba kabisa. Umewahi kunywa soda kwa mrija laini, ukavuta kwa nguvu, mrija ukajibana wenyewe? Ni hivyo. Kifua kinaendelea kuvuta, lakini hewa haiingii. Hewa safi katika damu inashuka, ubongo unashtuka, unamwamsha mtu nusu, koo linafunguka kwa kishindo. Baada ya dakika moja au mbili, inaanza upya. Madaktari wanaita apnia ya usingizi.

Ili ihesabiwe, pumzi lazima isimame sekunde kumi au zaidi. Kwa mtu mzima, hesabu ikifika 5 kwa saa ugonjwa umeanza. Kutoka 15 ni wa katikati. Kutoka 30 kwenda juu ni mkali. Piga hesabu mwenyewe: 30 kwa saa ni mara moja kila dakika mbili, usiku kucha. Na asubuhi mgonjwa atakuambia kwa moyo safi kwamba amelala vizuri tangu saa tatu.

Nitakupeleka nyumbani kwetu. Baba mdogo amenipa ruhusa niyaseme, mradi nisitaje jina lake.

Tulipofika Nakivale nilikuwa na miaka tisa. Tulikaa chumba kimoja, kimegawanywa na turubai, watu saba. Kila usiku baba mdogo alikuwa akikaa kitako ghafula, mkono kifuani, akihema. Sisi watoto tuliogopa. Wakubwa hawakuuliza kitu, kwa sababu jibu walikuwa nalo: ni vita. Yaliyotokea Uvira na njiani kila mtu aliyajua, na nani angeshangaa kwamba yanamrudia usingizini? Watu wa maombi walikuja mara tatu. Jirani mmoja alisema ni jinamizi linamkaba. Mwishowe akanunua vidonge vya usingizi dukani, bila kuandikiwa na mtu. Akalala zaidi, kweli. Na vile vimya vikawa virefu zaidi.

Mchana alisinzia kwenye foleni ya chakula. Alisinzia katika mikutano ya kijiji. Wakamwita mvivu, na nasema ukweli, hata mimi nilimwona hivyo. Alikuwa anapika chapati sokoni Base Camp. Asubuhi moja, saa mbili tu, alisinzia mbele ya mafuta ya moto. Mkono wake wa kushoto una alama mpaka leo.

Alikwenda kituoni kufungwa kidonda, si kwa sababu ya usingizi. Afisa tabibu aliyekuwa zamu akamuuliza ameunguaje. Akajibu, nilisinzia. Yule afisa akaacha bandeji. Akapima presha, ikawa 180 kwa 110. Kisha hakuendelea kumuuliza yeye. Alimuuliza mama mdogo: huyu akilala, unasikia nini?

Angalia hapo, msomaji. Huyu ni ugonjwa ambao mgonjwa wake hana ushahidi. Shahidi ni yule anayelala pembeni, yule asiyepata usingizi. Basi ukienda kituoni, usiende peke yako. Nenda na mke, mume, dada, mtoto mkubwa, yeyote anayekusikia usiku. Kama una simu, mwambie arekodi dakika kumi za kukoroma kwako. Kama unalala peke yako, jirani wa ukuta anatosha, na sidhani atakataa.

Na ukiulizwa una shida gani, usiseme "ninakoroma". Nusu ya kambi inakoroma, na foleni iko mpaka nje. Sema: ninaacha kupumua usingizini, na huyu hapa amesikia. Sema kama unaamka na kichwa kinauma, mdomo umekauka, kama unaamka usiku mara kwa mara kukojoa. Sema kama unasinzia mchana bila kutaka, na useme wapi: ukiwa kwenye boda, mbele ya jiko, ukinyonyesha. Kama una presha au kisukari, sema. Maneno hayo yote yakiwekwa pamoja, afisa tabibu anajua si kelele tu.

Na vita je? Nimeulizwa hili na watu kadhaa, tena kwa sauti ya chini. Mtu anayeota vita mara nyingi anaamka akikumbuka ndoto, anaogopa, hataki kurudi kulala. Mwenye apnia mara nyingi hakumbuki kitu, anaamka akikosa hewa, na dakika hiyo hiyo anarudi kulala. Lakini usijipime wewe mwenyewe kwa hilo tu, kwa sababu mtu mmoja anaweza kuwa na vyote viwili, na kila kimoja kinazidisha kingine. Mshauri wa afya ya akili anaendelea na kazi yake. Wewe mwambie na yeye kuhusu pumzi. Na kama umeandikiwa dawa ya usingizi, ya mawazo au ya kifafa, usiiache ghafula kwa sababu umesoma karatasi hii. Rudi kwa aliyekuandikia, umwambie. Vidonge vya dukani visivyoandikwa na mtu, hivyo ndivyo vya kuacha kununua.

(Muziki mfupi.)

Sasa njia yenyewe. Hapa Uganda VHT ndiye wa kwanza kijijini. Kituo cha daraja la III kinaongozwa na afisa tabibu. Daraja la IV lina daktari na chumba cha upasuaji. Kwa huku kwetu, juu yake iko hospitali ya rufaa ya mkoa, Mbarara. Kituoni watakupima presha, uzito, sukari, wataangalia mdomo na koo, na wanaweza kupima unene wa shingo kwa utepe. Shingo iliyozidi sentimita 43 kwa mwanamume au 41 kwa mwanamke ni dalili moja. Si wanene tu, lakini. Mtu mwembamba mwenye taya dogo lililorudi nyuma anaweza kuziba koo vile vile, kwa sababu ulimi hauna nafasi. Na usinicheke nikisema unene kambini. Posho na maharage kila siku, bila kazi ya shamba, yanaongeza mwili hata kama hayaongezi nguvu.

Kile kidude kinachobana kidole, tulichokizoea wakati wa Korona, kinaonyesha hewa katika damu. Mchana kitasoma vizuri tu kwa mgonjwa huyu, kwa hiyo kisikudanganye. Kipimo chenyewe ni cha usiku: unalala umeunganishwa na waya zinazohesabu pumzi, moyo, ubongo na hewa. Kipo pia kifaa kidogo cha kulala nacho nyumbani. Usikitarajie kituo cha daraja la III.

Ukipewa rufaa, mtu mzima kwa kawaida ataanza kwa daktari bingwa wa magonjwa ya ndani. Huyo ndiye anayeshika kamba zote. Anaangalia presha, kisukari, uzito, na tezi ya shingo, maana tezi ikifanya kazi kidogo mno inaweza kuleta uchovu na kukoroma. Penye daktari wa mapafu, kesi nyingi za apnia zinafika kwake, kwa sababu yeye ndiye mwenye ujuzi wa mashine ya hewa. Katika nchi tajiri kuna madaktari waliosomea usingizi peke yake, lakini hata wao walianza kama madaktari wa mapafu, wa ubongo, wa akili, wa watoto au wa koo, kisha wakaongeza masomo. Daktari wa moyo anaingia kama moyo unapiga ovyo au umechoka. Daktari wa ubongo na mishipa ya fahamu anaingia kama umepata kiharusi, au kama kukatika kwa pumzi hakutokani na koo kuziba bali ubongo kusahau kutoa amri. Hiyo ni aina nyingine, na dawa yake ni tofauti.

Daktari wa meno watu wanamsahau. Kwa ugonjwa usio mkali, anaweza kutengeneza kifaa cha kuvaa mdomoni usiku kinachosogeza taya la chini mbele kidogo, ulimi ukaacha koo. Na kama taya lenyewe ndilo tatizo, yupo daktari wa upasuaji wa kinywa na taya.

Daktari wa masikio, pua na koo nimemweka mwisho kwa makusudi, kwa sababu hapa nina jambo la kusema na yule baba wa Rubondo.

Baba, umeandika kwamba mtoto wako wa miaka mitano anakoroma, analala mdomo wazi, shingo ameirudisha nyuma, anatokwa jasho, anakojoa kitandani ilhali alikuwa ameacha. Umesema mchana hasinzii, bali anarukaruka na mwalimu analalamika. Ndivyo watoto walivyo: mkubwa akikosa usingizi anasinzia, mtoto anakuwa mkorofi. Kisha umeandika kwamba bibi yake anataka apelekwe akakatwe kirimi.

Kwa msomaji asiyejua: kirimi, au kimeo kama wanavyosema Watanzania, ni ile nyama ndogo inayoning'inia nyuma ya mdomo. Kwetu, kwa Warundi, kwa Wanyarwanda, wapo wanaoikata kwa watoto wanaokohoa, wasionyonya, wanaokoroma. Najua bibi hana ubaya. Naye labda alikatwa, na yuko hai. Lakini mtoto akikatwa kwa wembe au kisu kisichochemshwa anaweza kutoka damu isiyosimama, akapata pepopunda au sumu katika damu, na wembe ule ule ukishapita kwa mtoto mwingine unabeba virusi. Na baada ya hatari yote hiyo, atakoroma usiku uleule! Kwa sababu kirimi sicho kinachomziba. Kwa watoto, mara nyingi kinachoziba ni mafindofindo, yale mawili ya pembeni ya koo, na nyama nyingine ya aina hiyo iliyojificha nyuma ya pua. Wewe huwezi kuiona hiyo ya nyuma. Daktari wa masikio, pua na koo ana namna ya kuiona.

Yeye ndiye daktari wako, baba, pamoja na daktari wa watoto. Akithibitisha, matibabu ya kwanza kwa mtoto wa namna hiyo ni kuondoa mafindofindo na ile nyama ya nyuma ya pua, mtoto akiwa amelazwa kwa dawa, kwa vyombo safi. Watoto wengi wanapona au wanapata nafuu kubwa. Na kwa mtoto hatusubiri 5 kwa saa. Pumzi kukatika hata mara 1 kwa saa tayari si kawaida. Nenda kituoni wiki hii, uende na bibi, naye asikie kwa masikio yake.

Kwa mtu mzima upasuaji wa koo si wa kukimbilia. Unasaidia baadhi, si wote, na dawa kubwa kwa ugonjwa mkali ni mashine. Mwaka 1981 daktari wa Australia, Colin Sullivan wa Sydney, alieleza kwa mara ya kwanza kazi yake: mashine inayopuliza hewa kwa mpira hadi kwenye kifuniko cha pua, na ile hewa inalishikilia koo wazi usiku kucha. Haina dawa ndani yake, ni hewa tu ya chumbani. Kabla ya hapo mgonjwa mahututi alitobolewa tundu shingoni ili apumue.

Sitakudanganya kwamba mashine hiyo inagawiwa pamoja na posho. Ni ghali, inataka umeme kila usiku, na sola ndogo ya taa na simu haitoshi. Baba mdogo hana. Alichopata ni rufaa ya Mbarara, baada ya kurudishwa kwenye foleni mara mbili, na daktari wa magonjwa ya ndani aliyempa dawa za presha, akamwachisha vile vidonge, akampeleka pia kuangaliwa pua na koo. Amepungua mwili. Waragi ameiacha, kwa sababu pombe inalegeza koo kama vidonge. Na mama mdogo alimshonea mfuko mgongoni mwa fulana, ndani kuna kitambaa kilichokunjwa kama mpira, ili akigeuka chali kimuudhi, alale ubavu. Alipokuwa chali ulimi ulianguka nyuma, ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. Bado anakoroma. Vile vimya ni vichache na vifupi. Presha imeshuka. Amerudi sokoni, lakini mafuta ya moto anashika mtoto wake, yeye anakanda unga.

Jambo moja afisa tabibu alisisitiza niandike. Kama unajua au unashuku una apnia na unakwenda kufanyiwa upasuaji wowote, hata wa uzazi, mwambie yule anayetoa dawa ya usingizi kabla hajaanza. Dawa hizo zinalegeza koo, na yeye anaweza kujiandaa akijua. Mama mjamzito anayekoroma sana na presha imepanda aseme kliniki.

(Sauti ya pikipiki.)

Nimebaki na mama wa Juru. Mwisho wa barua yake ameongeza kwamba mumewe ni dereva wa boda, na wiki iliyopita aliamka akiwa ameshaingia kwenye mtaro, abiria nyuma yake. Anauliza kama amwambie aache kazi, maana ndiyo inayowalisha.

Mama, leo hii asibebe mtu. Nimemuuliza afisa tabibu mara mbili, na mara zote mbili amejibu hivyo bila kusita. Si kuacha kazi maisha yote. Ni mpaka apimwe na usingizi wa mchana uishe, na wengi wakitibiwa wanarudi barabarani. Kesho asubuhi twende naye kituoni, nasema twende kwa sababu nitakuwa pale kuanzia saa mbili kubandika karatasi hizi. Njoo wewe pia, maana wewe ndiye shahidi. Mwanzo wa maneno yako uwe huo mtaro.

Sanduku la maswali liko pale pale, mlangoni mwa kituo na kwa mwenyekiti wa kila kijiji. Wiki ijayo ni maji ya ziwa na kichocho. Kipindi hiki kinarudiwa Jumamosi saa kumi na mbili jioni.

(Muziki wa kufungia.)